Ujuzi Bila Chombo Hauponyi

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya chombo. Si chombo cha kusafiria majini, wala si chombo cha kulia chakula. Ni chombo ambacho ndani yake binadamu hufuga viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, huwalisha, huwapa hewa na kuwalinda na adui, ili nao wamtolee dawa. Wataalamu hukiita bioreakta. Jina ni geni masikioni, lakini kazi yake si ngeni majumbani mwetu, kama tutakavyoona hivi punde.

Tumechagua habari hii kwa sababu moja. Watu wengi hudhani ya kwamba dawa hupatikana siku ile mtaalamu anapoivumbua. Sivyo. Historia yaonyesha ya kwamba wagonjwa wamekufa huku dawa yao inajulikana, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuikuzia kwa wingi. Ujuzi bila chombo hauponyi mtu. Neno hili latuhusu sana sisi watu wa Kongo, na wazazi hasa wanapaswa kulifikiri.

Chombo cha nyumbani

Tuanze na mambo tunayoyajua. Huku Kivu, mwenye kutengeneza kasiksi huivisha ndizi zake, huzikamua pamoja na nyasi mpaka zitoe maji matamu, huyamimina katika chombo cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, hutia unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunika kwa majani ya migomba. Siku ya pili au ya tatu maji yale yatoa povu na kuchemka bila moto. Nani ameyachemsha? Wazee wetu hawakumwona, lakini walimtumikia vizuri: walimpa sukari, walimpa joto, walimfunika asiingiliwe na uchafu, wakamngoja.

Mfanyakazi huyo asiyeonekana ni chachu. Mwaka 1856, katika mji wa Lille huko Ufaransa, mwenye kiwanda kimoja cha pombe alimwendea mwalimu Louis Pasteur, kwa sababu baadhi ya mapipa yake yalikuwa yanaharibika na kuwa makali pasipo sababu ya kujulikana. Pasteur alitazama kwa darubini. Katika pipa zuri aliona vijibonge vya mviringo, ndiyo chachu; katika pipa lililoharibika aliona vijidudu vingine, vyembamba kama vijiti. Hivyo akafundisha ya kwamba kila uchachu una mfanyakazi wake, na mfanyakazi mgeni akiingia, kazi yote huharibika.

Mama alowekaye mihogo michungu majini siku tatu au zaidi, naye ana chombo cha namna hiyo. Vijidudu vya maji yale hulainisha mihogo na kusaidia kuondoa sumu yake. Mwenye haraka, aitoaye kabla ya wakati, hujiletea hatari. Uko ugonjwa uitwao konzo, ambao hupooza miguu ghafla, na watoto na akina mama ndio washikwao zaidi. Daktari Trolli aliuandika habari zake katika nchi ya Kwango mwaka 1938. Wataalamu waliomfuata waliona ya kwamba hutokea hasa mahali watu wanapoishi kwa mihogo michungu isiyotengenezwa vema, pasipo chakula kingine cha kujenga mwili. Basi hata katika chombo cha nyumbani, uzima wa watu wategemea mambo haya: usafi, wakati na uangalifu.

Askari wa Oxford

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Daktari Alexander Fleming aliona jambo la ajabu katika kisahani cha kioo alimokuza vijidudu vya majipu. Ukungu, ndugu ya ule uotao juu ya mkate wa kale, ulikuwa umeingia humo, na kando ya ukungu ule vijidudu vilikuwa vimekufa. Maji yatokayo katika ukungu ule akayaita penisilini. Lakini hakuweza kuipata safi wala kwa wingi, na miaka ikapita.

Howard Florey na Ernst Chain, wataalamu wa Oxford, waliianza kazi hiyo upya. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya wanane vijidudu vikali. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kesho yake wale wanne walioachwa walikuwa wamekufa, na wenzao walikuwa hai. Basi ujuzi ulikuwapo. Ilibaki kuukuza ukungu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Ukungu ule ulikuwa ukiota juu ya uso wa maji tu, mahali palipo na hewa. Mtungi mrefu haukuufaa. Ulitaka vyombo vipana visivyo na kina, na vingi mno. Tena Uingereza ilikuwa vitani, na vitu vilikuwa adimu. Norman Heatley, kijana mwenye mikono ya ufundi katika kikundi kile, alijaribu makopo ya biskuti, vyombo vya maziwa, hata vyombo vya choo wanavyopewa wagonjwa kitandani. Mwishowe alichora chombo chake mwenyewe cha udongo, kifupi na kipana, chenye mdomo upande mmoja, kiwezacho kupangwa juu ya kingine. Wafinyanzi wa Burslem wakakifinyanga, na siku ya Noeli ya mwaka 1940 Heatley alipanda ukungu katika vyombo vya kwanza. Wasichana sita waliajiriwa kuvitunza.

Tarehe 12 Februari 1941 walianza kumtibu askari polisi mmoja, Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Vijidudu vilikuwa vimemla uso, na jicho lake moja lilikuwa limekwisha kutolewa. Kwa siku chache homa ikashuka, naye akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa kidogo, hata wakakusanya mkojo wake ili watoe tena penisilini iliyopita humo na kumrudishia. Siku ya tano dawa ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi 1941 askari yule akafa.

Tusimame hapa kidogo. Mtu huyu hakufa kwa kukosa waganga, wala kwa kukosa dawa iliyo sawa na ugonjwa wake. Waganga walikuwa wakubwa kuliko wote, na dawa ilikuwa imeanza kumponya. Alikufa kwa kukosa vyombo. Wakati ule zilihitajiwa kiasi cha lita 2,000 za maji ya ukungu ili kupata penisilini ya kumtibu mgonjwa mmoja tu ambaye damu yake imeingiliwa na vijidudu. Nani awezaye kujaza lita 2,000 kwa vyombo vya udongo vya kubeba mkononi?

Mapipa ya Brooklyn

Mwezi wa Julai 1941 Florey na Heatley walikwenda Marekani kuomba msaada. Katika mji wa Peoria, kwenye jimbo la Illinois, wataalamu wa kilimo waliona ya kwamba ukungu ule wapenda sana yale maji yanayobaki viwandani baada ya mahindi kuloweshwa ili kutolewa wanga. Waliokuwa wakiyaona maji yale kuwa takataka wakayaona sasa kuwa chakula chema, kwa maana penisilini iliongezeka mara kumi au zaidi. Mwaka 1943, juu ya tikiti lililooza kutoka soko la mji uo huo, ulipatikana ukungu mwingine wenye kutoa dawa kwa wingi kuliko ule wa Fleming. Mbegu ikawa njema, na chakula kikawa chema. Chombo je?

Kampuni ya Pfizer, huko Brooklyn mjini New York, haikuwa ya dawa za kuponya vijidudu. Ilikuwa imezoea kutengeneza asidi ya limau kwa kufuga ukungu katika mapipa yenye kina. Mafundi wake wakasema: kama ukungu mmoja wakubali kuishi ndani ya maji, huenda na mwingine ukakubali, mradi tuupelekee hewa huko chini. Wakanunua kiwanda cha zamani cha kutengenezea barafu, wakakigeuza kwa miezi michache, na tarehe 1 Machi 1944 kikafunguliwa, nacho kilikuwa na mapipa 14, kila moja likichukua zaidi ya lita 28,000.

Matokeo yake yaweza kuhesabiwa. Mwaka 1943 Marekani yote ilitoa penisilini ya vipimo bilioni 21. Mwaka 1945 ilitoa vipimo zaidi ya bilioni 6,800, ndiyo kusema mara 300 na zaidi. Mwaka 1943 dozi moja ilikuwa dola 20. Mwaka 1946 ilikuwa senti 55. Kitu ambacho miaka mitano kabla hakikutosha askari mmoja, sasa kilifika hata kwa maskini.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Heatley, mtengeneza vyombo, hakupewa kitu. Ni mwaka 1990 tu ambapo chuo kikuu cha Oxford kilimpa heshima ya udaktari. Ndivyo ulimwengu ulivyo: humsifu aliyeiona mbegu, humsahau aliyetengeneza shamba.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Msomaji atauliza: pipa ni pipa, ugumu uko wapi? Jibu laweza kutolewa na kila mama aliyewahi kupikia watu wa arusi. Chakula cha watu watano hupikwa kwa urahisi. Chakula cha watu mia tatu katika chungu kimoja ni kazi nyingine: chini chaungua, juu ni kibichi, na katikati hakuna ajuaye. Kuongeza ukubwa wa chombo ni kuongeza taabu ambazo chombo kidogo hakikuzijua.

Taabu ya kwanza ni hewa. Viumbe hawa wadogo hupumua oksijeni, na maji hayashiki oksijeni nyingi: lita moja ya maji ya vuguvugu hushika miligramu 8 hivi tu. Viumbe wakiwa wengi huimaliza kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo hewa iliyochujwa hupulizwa mfululizo kutoka chini ya pipa kwa mapovu madogo, na mabawa ya chuma huzunguka katikati ili kuyatawanya. Umeme ukikatika, mashine ikasimama, wafugwao huanza kukosa pumzi.

Taabu ya pili ni joto. Kila kiumbe kilacho hutoa joto, kama lundo la majani yaozayo lifukavyo moshi asubuhi. Katika chupa ndogo joto hilo hutoka lenyewe. Katika pipa kubwa hufungwa ndani. Kwa sababu hiyo maji baridi hupitishwa katika mabomba au katika ukuta wa pili uliolizunguka pipa, na kipimajoto hukesha usiku na mchana.

Taabu ya tatu, iliyo kuu kuliko zote, ni usafi. Kabla ya kupanda mbegu, pipa na mabomba yake yote huchomwa kwa mvuke wa digrii 121, moto ambao maji ya sufuria hayaufikii kamwe. Kwa nini ukali huo? Fikirini kijidudu kimoja tu cha nje ambacho hugawanyika mara mbili kila baada ya dakika 20, kama wafanyavyo baadhi yao wakipata chakula na joto. Baada ya saa moja ni vinane. Baada ya saa saba ni 2,097,152. Mgeni mmoja aliyepita katika tundu la sindano amekuwa taifa zima, naye amekula chakula chote cha wenyeji.

Taabu hizi zilizidi wataalamu walipoanza kufuga si vijidudu tu, bali seli za wanyama, yaani vile vipande hai vidogo kabisa ambavyo kwavyo kila mwili umejengwa. Kijidudu ni kama mbuzi wa mlimani, hula chochote na kustahimili. Seli ya mnyama ni kama mtoto mchanga: hugawanyika mara moja tu kwa siku hivi, huumizwa hata na mapovu yanayopasuka, na hutaka chakula cha namna nyingi kilichopimwa. Lakini yaweza kutengeneza dawa ambazo kijidudu hakiziwezi. Kijidudu chaweza kutengeneza insulini, na tangu mwaka 1982 wagonjwa wa sukari wamepata insulini ya namna hiyo, badala ya kungoja ile ya nguruwe na ng'ombe. Kwa dawa zilizo na umbo gumu zaidi, wengi hutumia seli zilizotokana na mnyama mdogo wa China aliye wa jamii ya panya, seli ambazo Theodore Puck alianza kuzikuza huko Marekani mwaka 1957. Mnyama yule alikufa zamani. Seli zake zimeendelea kugawanyika katika vyombo mpaka leo.

Hata mabingwa huteleza. Mwaka 2009, katika kiwanda kimoja kikubwa mjini Boston, virusi viliingia katika mapipa ya seli. Kazi ikasimamishwa, vyombo vyote vikasafishwa, na wagonjwa wa nchi nyingi waliotegemea dawa ile wakapungukiwa. Mlango mmoja haukufungwa vema, na maumivu yakafika mbali.

Damu ya Kikwit

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1995 Ebola iliingia mjini Kikwit. Watu 315 walishikwa, na zaidi ya 240 kati yao walikufa. Miongoni mwao walikuwamo masista sita wa Shirika la Maskini wa Bergamo, waliokufa mmoja baada ya mwingine katika miezi ya Aprili na Mei kwa kuwahudumia wagonjwa bila kuwakimbia. Mungu awape raha ya milele.

Katika siku zile za giza Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walifikiri hivi: mtu aliyepona, damu yake imejifunza kupigana, je, haiwezi kumfundisha mwingine? Wakawatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba wakaishi. Hawakuwa wengi wa kutosha kuukata mzizi wa shaka, lakini wazo lilikuwa limepandwa.

Miaka 11 baadaye mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake kwa uchunguzi. Wataalamu wa Marekani na Uswisi, wakishirikiana na Kongo, walitafuta ndani yake askari wa mwili waitwao kingamwili, wakampata mmoja awezaye kukishika kirusi cha Ebola na kukizuia kisiingie katika seli. Maagizo ya kutengeneza askari huyo yakatiwa katika seli za yule mnyama wa China, nazo seli zikafugwa katika vyombo. Ndivyo ilivyozaliwa dawa iitwayo Ebanga.

Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ilichukua watu 2,287. Wengi wa wasomaji wetu hawahitaji kusimuliwa. Katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina dawa nne zilijaribiwa kwa haki na utaratibu. Katika wagonjwa waliopewa dawa ya zamani zaidi kidogo, ZMapp, karibu nusu walikufa. Katika waliopewa ile iliyotokana na damu ya Kikwit, walikufa 35 kwa mia. Na wale waliokuja mapema, wakati virusi vilikuwa bado vichache damuni, hawakufika hata 10 kwa mia. Mwezi wa Desemba 2020 Marekani ikaipa dawa hiyo kibali chake, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza itumiwe, pamoja na nyingine moja ya namna yake.

Tena wako waliosema wakati ule ya kwamba dawa na chanjo hizo ni uchawi wa kuwamaliza watu. Maneno hayo yaliua, kwa maana wagonjwa walijificha mpaka wakachelewa. Nani alitoa mbegu ya dawa ile? Mkongo aliyepona. Seli za mnyama zilikuwa wafinyanzi tu. Kazi ikiisha, dawa huchujwa na kusafishwa hatua kwa hatua, wafinyanzi wakabaki nje. Katika jambo hili hamna uchawi. Pana uhai uliowekwa na Mungu, na chombo kilichotengenezwa na binadamu kwa akili aliyopewa na Mungu yeye yule.

Lakini angalieni neno moja. Damu ilikuwa ya Kongo. Ugonjwa ulikuwa wa Kongo. Wagonjwa waliojaribu dawa walikuwa Wakongo, na miongoni mwa waganga walioongoza kazi ile alikuwamo Mkongo. Chombo tu hakikuwa cha Kongo. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji gramu 3 za dawa ile, na lita moja ya maji ya seli, hata katika chombo kizuri, hutoa gramu chache tu. Kwa hiyo damu ya Kikwit ilisafiri ng'ambo kutafuta chungu cha kupikiwa, ikarudi kwetu katika vichupa.

Hatusemi hivi kwa kuwalaumu waliotusaidia, twawashukuru. Ila mwenye kuazima chungu hupika baada ya mwenye chungu kushiba. Mwaka 2021, wakati wa Korona, tuliona sote ya kwamba nchi zenye viwanda na fedha zilichanja watu wao kwanza, na Afrika ikangoja. Askari wa Oxford alikufa kwa kukosa vyombo katika nchi iliyojua dawa yake. Je, twataka watoto wetu waingie katika hesabu hiyo?

Wala asiseme mtu ya kwamba kazi hii haituwezekani. Kampuni ya bia iliyokuja kuitwa Bralima iliundwa Léopoldville, yaani Kinshasa, mwaka 1923. Ndiyo kusema, kwa miaka mia moja Wakongo wameosha mapipa makubwa, wamepima joto lake, wamelinda chachu yake isiingiliwe na mgeni. Kazi ya kukuza dawa ni ngumu zaidi, tena mbali zaidi, lakini ni dada wa kazi hiyo. Tumejua kukesha penye pipa la bia. Haishindikani kujifunza kukesha penye pipa la dawa.

Neno kwa wazazi

Basi wazazi wafanye nini? Hatuwaambii wajenge viwanda. Twawaambia mambo matatu yaliyo katika uwezo wa kila jamaa.

La kwanza, muwafundishe watoto kuheshimu chombo. Mtoto anayezoea kuosha kibuyu cha maziwa hata ndani ya shingo yake, kufunika mtungi wa maji, na kuacha mihogo majini mpaka siku zake zitimie, amekwisha kuanza masomo ya bioreakta, ingawa hajui jina lake. Anayesema "si kitu, ni uchafu kidogo tu" na akumbushwe hesabu ya kijidudu kimoja na saa saba.

La pili, msidharau masomo ya hesabu, ya kemia na ya ufundi, wala msiwanyime binti zenu. Twaona wazazi wengi wanaotaka mtoto awe mkubwa wa ofisi au mwanasheria, na wakisikia habari ya ufundi hukunja uso. Huko Marekani Bibi Margaret Hutchinson Rousseau, aliyepata udaktari wa uhandisi wa kemia mwaka 1937, alishiriki kubuni viwanda vya kwanza vya penisilini. Kama baba yake angalisema ya kwamba mabomba si kazi ya msichana, ni wagonjwa wangapi wangalingoja zaidi? Kinshasa iko taasisi ya utafiti ya INRB, alikofanya kazi Profesa Muyembe, itahitaji warithi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa namna hii huanza katika madaftari ya shule ya msingi.

La tatu, dawa iliyotoka chomboni kwa taabu hivi, msiitumie ovyo. Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo yake mwaka 1945, aliwaonya watu ya kwamba mwenye kumeza penisilini kidogo kuliko inavyopasa huvifundisha vijidudu kuizoea, na hatimaye haivishindi tena. Leo twaona vidonge vya namna hiyo vikiuzwa sokoni juani, viwili viwili, kama karanga. Anayenunua viwili kwa sababu homa imepungua huokoa faranga chache, naye huenda anaiharibu dawa ambayo kesho mtoto wa jirani ataihitaji. Mlioandikiwa siku saba, mmeze siku saba.

Mkulima hatengenezi uhai wa mbegu. Yeye hulima, hupanda, hupalilia na kulinda. Mwenye kuotesha ni Mungu. Vivyo hivyo na hawa wenye mapipa. Hakuna mmoja wao aliyeumba chachu, wala ukungu, wala seli. Walichofanya ni kuandaa mahali safi, penye chakula na hewa, ambapo uhai waweza kufanya kazi yake kwa faida ya wagonjwa. Sehemu hiyo ya binadamu ni ndogo, lakini tukiikosa watu hufa. Tuombe Mungu aifungue mikono ya watoto wetu, ili siku itakapotolewa tena damu ya Mkongo kwa ajili ya kuponya Wakongo, isilazimike kwenda mbali kutafuta chungu.